Santuri Mpya ya Onyesho la Zamani: Kuichagua, Kuipiga na Kuitunza Dodoma

Santuri ya onyesho la piano ya jazi hubeba muziki pamoja na chumba ulimopigwa. Noti ya piano ikishagongwa haikatiki bali hufifia, na katika kufifia huko husikika kikohozi cha msikilizaji, kiti kinachosogezwa, glasi inayowekwa juu ya meza. Magitaa matatu na tumba za bendi ya dansi huweza kufunika mikwaruzo mingi. Piano iliyo peke yake jukwaani haifuniki chochote. Kwa hiyo toleo jipya la santuri ya namna hii linadai uangalifu zaidi wakati wa kununua na wakati wa kutunza. Mkazi wa Dodoma, penye upepo wa vumbi na hewa kavu zaidi ya nusu ya mwaka, ana mambo ya ziada ya kuangalia ambayo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa London au Tokyo haiyagusi.

Neno "jazz" lenyewe linahitaji tahadhari kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz zilikuwa bendi za dansi za Tanzania zenye magitaa, tumba, vyombo vya kupuliza na waimbaji. Anayeagiza santuri kwa kutumia neno "jazz" peke yake anaweza kuletewa muziki huo, nao ni hazina, lakini si piano. Ni salama kutaja jina la mpigaji, ukumbi na mwaka wa onyesho: Abdullah Ibrahim, aliyejulikana wakati huo kama Dollar Brand, klabu ya Jazzhus Montmartre mjini Copenhagen, Oktoba 1969, au Keith Jarrett, Jumba la Opera la Köln, 24 Januari 1975. Onyesho moja huweza kuwa na matoleo mengi, na mwaka wa onyesho ndio usiobadilika kati yao. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada mara nyingi ni wa kutolewa, na huweza kumpoteza mnunuzi.

Sauti hufika kwenye plastiki kwa hatua. Siku ya onyesho ilinaswa kwenye kanda ya sumaku. Miaka mingi baadaye kampuni huitoa kanda hiyo ghalani, fundi huisikiliza na kuweka sawa besi na sauti za juu, kisha sauti huchongwa kwa ncha kali kwenye sahani laini iliyopakwa lakki. Sahani hiyo hufunikwa kwa nikeli, na kutokana nayo hupatikana mihuri ya chuma ambayo kiwandani hukandamiza plastiki ya moto kuwa santuri. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kuharibu kazi, ila iliyo muhimu kuliko zote ni ya kwanza: sauti ya toleo hili jipya imetoka wapi? Inaweza kuwa imetoka kwenye kanda mama iliyozunguka siku ileile, au kwenye nakala ya kanda, au kwenye faili ya kidijitali, au kwenye CD tu iliyonunuliwa dukani.

Jibu hutafutwa nyuma ya jalada. Kampuni iliyofanya kazi ya heshima huandika kanda iliyotumika, jina la fundi aliyetayarisha sauti, jina la aliyechonga sahani, na kiwanda. Jalada lisilotaja lolote kati ya hayo lichukuliwe kuwa limetokana na CD hadi ithibitike vinginevyo. Kuna sababu ya kisheria inayofanya santuri hizo zisizo na nasaba kuwa nyingi. Katika Umoja wa Ulaya, haki za rekodi ziliongezwa kutoka miaka 50 hadi 70 kwa agizo la mwaka 2011, lakini nyongeza hiyo haikuzifufua rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Rekodi zilizotolewa hadi mwisho wa 1962 zilikwisha kuwa huru kule, na kampuni ndogondogo zinaruhusiwa kuzichapa bila kuomba kanda kwa mwenye nayo. Mfano ni onyesho la mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili katika klabu ya Village Vanguard mjini New York, 25 Juni 1961, siku 11 kabla mpigaji besi Scott LaFaro hajafa kwa ajali ya gari. Albamu ya kwanza kutoka katika siku hiyo ilitolewa mwaka huohuo, hivyo sokoni kuna matoleo yaliyochongwa kutoka kwenye kanda na mengine ya bei ndogo yaliyochongwa kutoka popote. Picha ya jalada huweza kuwa ileile. Tofauti husikika kwenye besi ya LaFaro, ambayo katika toleo hafifu huwa mvumo usio na vidole.

Isidhaniwe kwamba udijitali peke yake ni kasoro. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiuza santuri za bei kubwa kwa sifa ya kutoka moja kwa moja kwenye kanda ilikuwa imepitisha sauti nyingi kwenye hatua ya kidijitali, na wasikilizaji waliokuwa wakizisifu kwa miaka mingi hawakuwa wamegundua. Kilichowaumiza wanunuzi ni kufichwa kwa habari. Kanda mama iliyonakiliwa kwa uangalifu kuwa faili bora huzaa santuri nzuri kuliko kanda ya nakala iliyochakaa ambayo muuzaji anaisifu kwa kuwa tu haikuguswa na kompyuta.

Baada ya chanzo huja urefu wa upande, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza na ambalo kwa onyesho la piano lina uzito wa pekee. Mpigaji wa studio anaweza kukata wimbo ukae dakika 5. Mpigaji aliye mbele ya hadhira huenda akacheza nusu saa bila kusimama. Rekodi ya Köln ni kielelezo kizuri. Ilitolewa na kampuni ya ECM mwaka 1975 kwa santuri mbili, na sehemu ya kwanza, yenye dakika 26, imejaza upande mzima. Upande wa nne una dakika 7 hivi tu. Mifereji ya upande mrefu hulazimika kubanana, kwa hiyo fundi hupunguza ukubwa wa sauti, na sauti ikipungua, mikwaruzo na vumbi husikika zaidi kwa kulinganisha. Tatizo la pili liko katikati ya santuri. Sahani inazunguka mara 33⅓ kwa dakika kila mahali, lakini duara la nje ni refu kuliko la ndani: mwanzoni mwa upande mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo kasi hiyo hushuka hadi sentimita 21 au 22. Mawimbi yaleyale ya sauti hubanwa katika nafasi isiyofika nusu. Piano ya kishindo iliyo mwishoni mwa upande ndiyo ya kwanza kupasuka, na bahati mbaya ni kwamba maonyesho mengi hufikia kilele mwishoni.

Kwa hiyo kabla ya kununua ni vizuri kuhesabu dakika. Upande wa dakika 18 hadi 22 hauna shida. Ukizidi 25, toleo lililogawa onyesho kwenye santuri nyingi zaidi linafaa kupendelewa ikiwa lipo, hata kama litakatiza muziki. Na ikiwa onyesho haliwezi kukatwa bila kuumia, ukweli ni kwamba CD au faili ya kidijitali huliheshimu zaidi kuliko santuri, kwa sababu hakuna kunyanyuka kugeuza sahani. Hakuna aibu katika uamuzi huo.

Kasoro nyingine hazitokani na toleo jipya hata kidogo. Zilikuwepo usiku wa onyesho. Piano aliyokutana nayo Jarrett Köln haikuwa ile aliyoiomba. Ilikuwa ndogo, sauti zake za juu nyembamba na besi zake dhaifu, naye akalazimika kukaa zaidi katikati ya piano na kurudiarudia mizunguko ya mkono wa kushoto ili kuupa muziki uzito. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba santuri yake haina besi. Vilevile mpiga piano Erroll Garner alirekodiwa Carmel, California, 19 Septemba 1955 kwa mashine iliyokuwa nyuma ya jukwaa, bila mpango wowote wa kutoa albamu. "Concert by the Sea" ikatoka mwaka uliofuata na kupendwa mno licha ya sauti yake ya unyonge. Toleo jipya linaweza kusafisha kioo cha dirisha, lakini haliwezi kubadilisha mandhari yaliyo nje. Mnunuzi anayejua historia ya rekodi hatarudisha santuri nzima kwa kosa la piano.

Kuna mafundi ambao hujaribu kubadilisha mandhari hayo, nao wanafaa kuogopwa. Programu za kuondoa kelele huweza kufuta mvumo wa kanda hadi ukumbi ubaki kimya kabisa, lakini hukata pia mikia ya noti na pumzi ya hadhira. Masikio ya Ugogo yana kipimo bora cha jambo hili kuliko maelezo yoyote ya kitabu. Ilimba ya Wagogo, ambayo Wazungu huiita piano ya vidole, ina vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba na vingine visivyoguswa vinavyoitikia vyenyewe, na kwenye matundu ya kisanduku chake hubandikwa utando wa buibui ili mlio utoke na mzizimo. Mzizimo huo si kelele. Mpigaji huutafuta, na ilimba isiyo nao huhesabiwa kuwa haijakamilika. Programu haijui hivyo. Kwake mzizimo wa utando na mvumo wa kanda ni kitu kimoja. Rekodi za mpigaji ilimba Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mkoani Dodoma mwaka 1938, kama ile albamu "Chibite" iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996, hufaa kutumiwa kuzoeza sikio: asikilizaye mzizimo ukiwa hai humo atatambua kwa urahisi piano iliyonyolewa kupita kiasi. Dalili kubwa ni makofi. Makofi ya watu halisi yana mikono mikubwa na midogo, iliyo karibu na iliyo mbali. Yaliyopitishwa kwenye usafishaji mkali husikika kama mvua juu ya nailoni.

Anayependa piano za jukwaani na pia muziki wa nyumbani atafurahi kujua kwamba mabinti wa ukoo wa Zawose, Pendo na Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa "Maisha" mwaka 2024. Albamu kama hiyo, iliyotayarishwa na wahusika wakiwa hai na kushirikishwa, haina fumbo la kanda.

Mara chache toleo si jipya tu bali ni la kwanza kabisa, kwa sababu kanda ilikuwa imelala. Mpiga piano Thelonious Monk na mpiga saksafoni John Coltrane walipiga Carnegie Hall 29 Novemba 1957 na redio ya Sauti ya Amerika ikarekodi. Kanda hizo zilionekana katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2005, zaidi ya miaka 47 baadaye. Tanzania ina ghala lake la namna hiyo. Bendi nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja katika chumba kimoja, na kanda zake sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri na wanamuziki walitegemea Nairobi, sehemu kubwa ya kazi hizo ilibaki kwenye kanda za redio. Ikitokea kanda hizo zikachapwa kwa santuri, maswali yaleyale yatahusika: ipi ilitumika, nani aliitayarisha, na je, wasanii au warithi wao wamelipwa?

Uzito wa santuri hutangazwa sana, hasa gramu 180. Santuri nzito haipindi kwa urahisi, na basi. Gramu 140 iliyochapwa vizuri huishinda ya 180 iliyochapwa ovyo. Rangi nazo hazina faida kwa sikio. Santuri nyeusi ndiyo chaguo la kawaida kwa anayetaka ukimya.

Kwa mkazi wa Dodoma santuri nyingi zitatoka nje ya nchi. Bei ya dukani si bei ya mwisho: kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Muuzaji aombwe kutoa sahani ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake katika mfuko tofauti, vinginevyo kingo zake huchana jalada njiani. Kama mzigo unapokewa Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 ni usafiri mzuri kwa santuri kuliko buti la basi, kwa sababu abiria hukaa nazo mkononi katika behewa lenye ubaridi, na safari haifiki saa 4. Hatari kubwa ya barabarani ni joto. Plastiki ya santuri huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa vioo chini ya jua la Oktoba hufika huko bila taabu. Santuri iliyoachwa kwenye kiti cha gari wakati mwenyewe anakula chakula cha mchana huenda ikarudi nyumbani ikiwa na umbo la chapati.

Kifurushi kikifunguliwa, video ya simu ipigwe tangu utepe unapokatwa. Kisha sahani itazamwe chini ya taa moja ya pembeni. Mistari myembamba ya juujuu inayotokana na karatasi mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaohisiwa na ukucha husikika. Sahani ilazwe kwenye playa na kutazamwa usawa wa jicho ikizunguka. Kupanda na kushuka kidogo kwa ukingo si neno kama sindano inafuata bila kuruka.

Kasoro ambayo piano huifichua kuliko chombo kingine chochote ni tundu la katikati lililotobolewa kando. Tundu likihama hata kwa sehemu ya milimita, mkono wa playa huyumba kulia na kushoto kila mzunguko, na sauti hupanda na kushuka kila sekunde 1.8. Waimbaji hutetemesha sauti zao, na magitaa huvutwa nyuzi, kwa hiyo kasoro hiyo hujificha humo. Noti ya piano haiwezi kupinda. Ikisikika inayumba kama redio ya betri zinazokwisha, ama tundu limekosewa ama playa ina hitilafu. Njia ya kuamua ni kupiga santuri nyingine: ikitulia, mgonjwa ni sahani, na ana haki ya kurudishwa.

Playa yenyewe haihitaji kuwa ya anasa, ila iwe na mambo machache ya lazima. Iwe ya volti 230 na mzunguko wa umeme wa mara 50 kwa sekunde. Playa iliyonunuliwa Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na mzunguko wa 60. Kibadilisha umeme kitaiokoa isiungue, lakini kwenye mashine ambazo mota yake hufuata mzunguko wa umeme, sahani itazunguka polepole na piano yote itashuka. Iwe na mkono wenye uzito wa kurekebishwa nyuma yake. Sindano nyingi za kawaida hutaka mkandamizo wa gramu 1.5 hadi 2, na kiasi halisi huandikwa na mtengenezaji. Mizani ndogo ya kidijitali kama ya masonara hutosha kuupima. Watu wengi hupunguza mkandamizo wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua. Zipo playa za bei ndogo zenye umbo la sanduku la mkononi, ambazo hukandamiza kwa nguvu isiyorekebishika. Hizo zinafaa kwa santuri ambazo hazina thamani kwa mwenyewe.

Sauti ya santuri huchongwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954, kwa hiyo kati ya playa na amplifaya lazima kiwepo kifaa cha kuirudisha sawa. Playa nyingi za siku hizi zinacho ndani. Kikiwashwa ndani na tena kwenye amplifaya, sauti huja imejaa besi na kupasuka. Kisipowashwa popote, huja nyembamba kama ya simu. Playa iwekwe juu ya kitu kizito kisichotikisika, mbali na spika, na usawa wake uthibitishwe kwa pima maji ya fundi mwashi. Meza iliyoinama hufanya sindano kuegemea ukuta mmoja wa mfereji, na upande mmoja wa piano hupotea.

Kuhusu vumbi, Dodoma haina mzaha. Mvua ya mwaka ni milimita 600 hivi na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei ardhi hukauka, na pepo za katikati ya mwaka huleta vumbi jekundu hadi ndani ya kabati lililofungwa. Hewa kavu huongeza tatizo lingine: umeme tuli. Plastiki ya santuri ikisuguliwa na karatasi hujichaji na kuvuta vumbi kama sumaku ivutavyo chuma, na wakati mwingine hutoa mlio mkali wa kupasuka katikati ya noti tulivu. Kufuta kwa kitambaa kikavu huongeza chaji hiyo na kusukuma chembe za mchanga ndani ya mifereji, na hili ndilo kosa linaloharibu santuri nyingi katika nyanda za kati. Kipande cha khanga, hata kikiwa laini namna gani, huacha nyuzi.

Dawa ya umeme tuli ni maji. Sahani huoshwa kwa maji yaliyotiwa tone moja tu la sabuni ya kuoshea vyombo, kwa brashi laini inayofuata mzunguko wa mifereji bila kuikata, huku lebo ikikingwa isilowe. Kisha husuuzwa kwa maji matupu. Maji ya bomba yasitumike katika msuuzo wa mwisho. Dodoma hutegemea sana visima vya Makutupora, na maji ya visima yakikauka huacha chumvichumvi, ile inayoonekana ndani ya birika. Chembe zake ndani ya mfereji husikika kama moto wa kuni mbichi. Maji yaliyotoneshwa huuzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini kwa jina hilohilo huuzwa pia tindikali. Chupa isomwe vizuri, na isiyo na maandishi ya kueleweka iachwe. Sahani isimamishwe ikauke ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, asubuhi kabla upepo haujaanza, kisha iingizwe katika mfuko mpya wa ndani wa plastiki laini. Karatasi iliyokuja nayo haina kazi tena. Baada ya kuoshwa mara moja namna hiyo, brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande hutosha kwa miezi mingi.

Sindano nayo hukusanya vumbi, na hupigwa brashi kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kuvuka. Hudumu kwa takriban saa 500 hadi 1,000 za kupiga. Kuandika tarehe na makadirio ya saa kwenye daftari huzuia sindano iliyochakaa isije ikala santuri mpya.

Santuri hukaa zimesimama wima, zimegusana bila kubanwa. Zikilazwa zikabebana, za chini hupinda. Rafu isiegemee ukuta wa magharibi unaopokea jua la alasiri, wala isiwe juu karibu na dari la nyumba ya bati. Ukuta wenyewe pia ni njia ya mchwa, ambao karatasi ya jalada kwao ni chakula. Rafu ya chuma, au ya mbao yenye miguu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kuachwa upana wa kiganja kutoka ukutani, humwezesha mwenye nyumba kuona njia yao ya udongo kabla hawajafika.

Umeme ukikatika sahani hupunguza mwendo na kusimama sindano ikiwa imezama. Kuiacha hapo hakuiharibu papo hapo, lakini umeme ukirudi kwa kishindo spika hupata mshtuko. Mkono uinuliwe, amplifaya izimwe, na vifaa vipitishwe kwenye stabilaiza. Waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye playa uunganishwe na skrubu yake nyuma ya amplifaya. Usipounganishwa, mvumo wa chini hujaa ndani ya kila ukimya wa piano.

Anayenunua playa kwa ajili ya santuri mpya mara nyingi hukumbuka kwamba kuna nyingine za zamani ndani ya sanduku la babu: Kiko Kids wa Tabora, Salum Abdallah na Cuban Marimba, sahani zenye lebo za Mzuri au Jambo. Sahani nzito zinazovunjika kama kigae na kuandikwa 78 hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa gundi ya wadudu iitwayo shelaki. Mifereji yake ni mipana, na sindano ya kawaida, ambayo ncha yake ni karibu mikroni 18, huzama hadi chini na kuburuza uchafu. Huhitaji sindano yake ya mikroni 65 hadi 76 na playa yenye kasi ya 78. Spiriti, ambayo baadhi ya watu huchanganya kidogo kwenye maji ya kuoshea santuri za plastiki, huyeyusha shelaki. Sahani hizo hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni, hukaushwa mara moja, na lebo zake haziguswi kwa mkono wenye unyevu, kwa sababu jina la msanii, namba ya sahani na lugha ya wimbo vimeandikwa pale.